Hela ya daktari inatolewa saa ngapi

Kuna usiku nilimkimbiza ndugu yangu hospitali, anapumua kwa shida, tukafika mapokezi tukakuta foleni fupi tu. Mbele yetu baba mmoja na mtoto begani, mtoto kafunikwa kitambaa hata uso hauonekani. Dada wa dirishani hakuuliza mtoto anaumwa nini, aliuliza unalipa keshi au bima. Yule baba akaanza kujipapasa, mfuko wa shati, mifuko ya suruali, akahesabu alichokipata, akakirudisha mfukoni, akasema narudi sasa hivi, akatoka na mtoto wake. Sisi tukaitwa. Nilikuwa na kadi ya bima, basi, hiyo tu ndo tofauti kati yetu na yeye.

Sina ugomvi na yule dada, swali lile hakulitunga yeye, alipewa alisome. Ila lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma lilitoka wapi, na nikajikuta nimezama kwenye karne nzima ya 20.

Watu wakisimulia matibabu ya karne ile husimulia chanjo, penisilini, moyo wa kupandikiza kule Cape Town mwaka 1967. Sawa, makubwa hayo. Mimi lakini naona kubwa kuliko yote ni jambo ambalo ukilitamka linasikika dogo mno: watu walihamisha saa ya kulipa. Waliitoa kwenye saa ambayo mtu anaumwa, kazi hana, nguvu hana, kupatana bei hawezi maana mwanae anazimia mikononi, wakaipeleka kwenye saa ambayo ni mzima na mshahara umeingia. Kuna waliofika mbali sana na hilo. Halafu karne ikielekea mwisho, sehemu kubwa ya dunia ikairudisha saa palepale ilipokuwa.

Ukirudi mwaka 1900 utashangaa kitu kimoja, hospitali haikuwa mahali pa tajiri. Tajiri alitibiwa nyumbani kwake, daktari anakuja na mkoba, hata upasuaji ulifanyiwa mezani jikoni. Hospitali ilikuwa ya maskini, tena ilikuwa hisani, yaani kuna waungwana wamechanga, na kwa hospitali nyingi za Uingereza karne ya 19 ili ulazwe ulitakiwa uje na barua ya mmoja wa hao wachangaji kwamba huyu namjua, ni mtu wa adabu. Ukiumwa unaanza kutafuta nani anakufahamu. Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ya London ikaajiri mwanamke, Mary Stewart, kazi yake ikiwa kuwahoji wagonjwa wa nje kuhakikisha hakuna mwenye uwezo anayejifanya fukara ili atibiwe bure. Ndo nyanya yake dada wa dirishani huyo, kwa upande fulani. Yeye alitafuta wenye hela awatoe, huyu wa leo anatafuta wasio nazo, ila dirisha ni lilelile.

Kwenye makoloni hali ilikuwa mbaya zaidi, hospitali ya serikali ilijengwa kwanza kwa ajili ya maofisa na askari, wodi ya Mzungu kivyake, mwenyeji kama anatibiwa basi mara nyingi ni kwa misheni, au kwa kuwa ugonjwa wake unaweza kuwafikia wakubwa, au kwa kuwa ni kibarua anayehitajika shambani na mgodini.

Lakini tuseme ukweli pia. Aliyefungiwa mlango mwaka 1900 hakukosa mengi. Daktari wa wakati ule alikuwa na dawa ya usingizi, alikuwa na kwinini, morfini, kisu kilichochemshwa, na maneno mazuri. Nimonia ikikupata unasubiri, ama utapona ama hutapona, na daktari anasubiri pamoja na wewe. Mlango ulianza kuuma kweli pale dawa zilipoanza kufanya kazi. Insulini ikaanza kutumika mwaka 1922, na waliovumbua wakauza haki ya uvumbuzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja kila mtu, makusudi, ili asitokee wa kuihodhi. Miaka ya 1930 zikaja dawa za salfa na homa ya uzazi ikaanza kuacha kuua wamama waliojifungua kama ilivyozoea. Miaka ya 1940 penisilini. Sasa hapo kumwambia mtu rudi ukatafute hela si kumnyima maneno mazuri tena, ni kumnyima uhai, maana dawa ipo kabatini pale na inajulikana inaponya. Nadhani ndo maana siasa ya matibabu ilichemka katikati ya karne na sio mwanzoni, thamani ya kilicho nyuma ya mlango ilikuwa imepanda.

Nani alianza kuhamisha saa? Vitabu vingi vinaanza na Bismarck, kansela wa Ujerumani, na sheria yake ya mwaka 1883, bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi, mfanyakazi anatoa theluthi mbili ya mchango na mwajiri theluthi moja. Na Bismarck huruma haikuwa sifa yake jamani, alikuwa amewapiga marufuku wasoshalisti mwaka 1878 akaona fimbo peke yake haitoshi, ngoja awape wafanyakazi kitu cha kuwafanya wapoe. Ila hata yeye hakubuni kitu kipya, alichukua vile vyama vya kuzikana na kuuguzana ambavyo mafundi na wachimba migodi walikuwa navyo toka zamani akaviwekea sheria.

Mimi hao wachimba migodi ndo wananivutia kuliko Bismarck. Kuna mji mdogo Wales unaitwa Tredegar, makaa ya mawe na chuma, vumbi kila mahali. Wafanyakazi pale walikuwa na chama chao cha matibabu, makato yakiwa peni 3 katika kila pauni ya mshahara (pauni ya wakati ule ilikuwa na peni 240, kwa hiyo ni kama senti na robo kwa kila mia). Kwa hela hiyo chama kinaajiri madaktari, kinaajiri muuguzi, kina hospitali yake, na baadaye kikafungulia mlango hata wasio wachimba migodi mpaka karibu mji wote ukawa ndani. Daktari pale ni mwajiriwa wa wagonjwa wake! Ukifika hakuna anayekuuliza una nini mfukoni maana ulishatoa Ijumaa zote ulizokuwa mzima. Na kwenye kamati ya hospitali hiyo miaka ya 1920 alikuwepo kijana mmoja aliyezaliwa palepale mwaka 1897, mtoto wa mchimba mgodi, mwenyewe aliingia mgodini akiwa bado mtoto, jina lake Aneurin Bevan. Tutarudi kwake.

Mwaka 1911 serikali ya Uingereza ikapitisha bima yake ya taifa, mfanyakazi peni 4, mwajiri 3, serikali 2, waziri wa fedha Lloyd George akainadi kama unatoa nne unapata tisa. Nzuri sana. Ila bima ilimhusu mfanyakazi mwenyewe tu. Mke hayumo, watoto hawamo, zaidi ya kiasi fulani cha hela wakati wa kujifungua. Yaani ndani ya nyumba moja baba akikohoa anaenda kwa daktari, mama akikohoa anakunywa maji moto na kuendelea kufua. Hii ilidumu miaka 35 na zaidi. Na sisi tunaosoma historia kwa takwimu za waliojiandikisha tunaweza tusimuone huyo mama kabisa, tutasema tu bima iliongezeka.

Marekani walikuja na yao. Mwaka 1929 hospitali ya Baylor mjini Dallas, ikiwa na madeni ya walimu ambao hawalipi, ikawaambia walimu wa mji huo: toeni senti 50 kila mwezi, mkiugua tutawalaza mpaka siku 21 bila kudaiwa. Wakajiunga zaidi ya elfu moja. Wazo ni lile la Tredegar, lakini angalia limeshikwa na nani. Tredegar wagonjwa ndo walimuajiri daktari, Dallas hospitali ndo ilikuwa inatafuta uhakika wa kulipwa. Mche ni mmoja ila umepandwa kwenye udongo tofauti, na miti iliyoota haifanani hata kidogo. Halafu vita vya pili vikaja, mwaka 1942 serikali ikadhibiti mishahara, makampuni yanagombania wafanyakazi hayaruhusiwi kuwaongezea hela, yakaanza kuwaongezea bima. Ajali tu ya vita hiyo, na mpaka leo Mmarekani akiachishwa kazi anawaza mambo mawili kwa pamoja, mshahara na daktari.

Sasa Bevan. Baada ya vita akawa waziri wa afya, na tarehe 5 Julai 1948 huduma ya taifa ya afya ikaanza Uingereza nzima, inalipiwa zaidi na kodi, na ukifika hudaiwi. Kabla ya siku hiyo kila nyumba ilipelekewa kipeperushi kuwa huduma ni ya wote, tajiri au maskini, mwanaume, mwanamke, mtoto. Madaktari walikuwa wamepiga kura mwezi Februari, karibu tisa katika kila kumi wakakataa. Bevan akawagawa, mabingwa wa hospitali akawaachia vitanda vya wagonjwa binafsi na marupurupu, wale wa mitaani wakabaki peke yao, na siku yenyewe ilipofika wengi wakaingia.

Kilichotokea kliniki zilipofunguliwa ndicho kinachonigusa. Walikuja wanawake. Madaktari wa mwaka ule walisimulia baadaye kuhusu wamama waliokuja na kizazi kilichoshuka, wameishi hivyo miaka, wanatembea nacho, wanabeba ndoo nacho, hawajawahi kumwambia mtu maana kumwambia mtu ni gharama. Walikuja wazee na ngiri walizozifunga kwa mkanda toka ujana. Miwani ndani ya mwaka wa kwanza ilitolewa jozi milioni 5 hivi, wizara haikutegemea, bajeti ikapasuka. Kuna waliosema watu wanatumia vibaya cha bure. Jamani, mtu anachukua miwani kwa uroho? Anavaa jozi mbili? Wale walikuwa hawaoni, na walikuwa hawaoni kwa miaka, wananunua miwani za kubahatisha dukani wanajaribu moja moja mpaka herufi zitokee. Mahitaji yalikuwepo muda wote, yalikuwa yamekaa nyumbani kimya.

Na haikuchukua hata miaka mitatu. Mwaka 1951 serikali, ya chama chake mwenyewe, ikaamua watu wachangie meno ya bandia na miwani, ili kupata hela za vita vya Korea. Bevan akajiuzulu. Mwaka uliofuata ikaja shilingi moja kwa kila fomu ya dawa. Wengi walimwona mkaidi, kuacha uwaziri kwa ajili ya meno ya bandia. Mimi namuelewa. Mtu aliyekulia Tredegar alijua dirisha likishafunguliwa kwa shilingi moja, kesho halifungwi.

Kanada ilipita kwenye jimbo moja la wakulima, Saskatchewan, kwa msukumo wa waziri mkuu wa jimbo hilo, Tommy Douglas, ambaye utotoni alikuwa na mfupa wa mguu ulioharibika, wazazi hawana uwezo, mguu ulikuwa ukatwe, akaokolewa na daktari bingwa aliyekubali kumfanyia bure mradi wanafunzi wake waangalie. Akaja kusema hakupenda kwamba mguu wake ulitegemea bahati ya kukutana na mtu. Jimbo likaanza na bima ya hospitali mwaka 1947, na tarehe 1 Julai 1962 bima ya madaktari ilipoanza, madaktari wengi wakafunga ofisi, mgomo wa siku 23, wakaletwa madaktari kutoka Uingereza kuziba pengo. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo yote yalikuwa yamefuata. Korea Kusini nayo ilianza mwaka 1977 na makampuni yenye wafanyakazi 500 na kuendelea, wakashuka ngazi kwa ngazi mpaka wakulima na wachuuzi, mwaka 1989 nchi nzima iko ndani. Miaka 12! Wajerumani iliwachukua zaidi ya mia.

Halafu nisisahau kwamba hela sio kufuli pekee. Marekani, sheria ya mwaka 1946 ya kujenga hospitali kwa hela za serikali iliruhusu hospitali zitenganishe weupe na weusi, mradi waseme huduma ni sawa. Ilipokuja bima ya wazee, iliyosainiwa mwaka 1965 na kuanza Julai 1966, serikali ikasema hospitali inayotenga hailipwi hata senti. Hospitali zaidi ya 1,000 zikachanganya wodi ndani ya miezi michache. Mahubiri na kesi za miaka yote hazikuwa zimefanya hivyo. Inachekesha na inasikitisha kwa wakati mmoja, hela ambayo huwa ndo kufuli, hapo ikawa ufunguo.

Kwa nchi maskini hadithi ina njia yake, na si kweli kwamba zilisubiri zitajirike. Sri Lanka, enzi hizo Ceylon, watu wazima wote wake kwa waume walipata kura mwaka 1931 ikiwa bado koloni, na mbunge anayeombwa kura kijijini anaombwa na zahanati, halafu malaria ya mwaka 1934 na 1935 ikaua makumi ya maelfu, serikali haikuweza tena kujifanya haioni. Mwaka 1951 ada zikafutwa. China baada ya mwaka 1965 ikafundisha wakulima kwa miezi michache wakawa madaktari pekupeku, kama milioni moja hivi, asubuhi analima, mchana anachoma sindano, na kijiji kinachanga kupitia ujima, yaani ule mpango wa kulima kwa pamoja. Hawakuwa mabingwa na walikosea mengi, lakini walikuwepo, na daktari asiye bingwa aliyeko kilomita moja anamshinda bingwa aliyeko siku mbili kwa mguu.

Ndo wazo hilo lililopelekwa Alma-Ata mwezi Septemba 1978, mji wa Kazakhstan ya Kisovieti, nchi 134 zikakaa pamoja zikasema afya kwa wote ifikapo mwaka 2000, kuanzia chini, zahanati, maji, lishe, wahudumu wa kijiji. China yenyewe haikuhudhuria. Na miaka michache baadaye ujima ukavunjwa kule China, mfuko wa kijiji ukafa nao, kutoka vijiji tisa katika kumi vyenye mfuko ikabaki kama asilimia 5 katikati ya miaka ya 1980.

Alma-Ata nayo haikukaa. Mwaka uliofuata tu wakaanza wataalamu kusema ni ndoto kubwa mno, tuchague vichache vyenye kupimika, chanjo, maji ya chumvi na sukari kwa kuhara, kunyonyesha, kupima uzito. Siwezi kuponda, chanjo za watoto zilitoka chini ya asilimia 5 mwaka 1974 zikafika karibu 80 mwaka 1990, na ndui ilishatokomezwa, mgonjwa wa mwisho wa kuambukizwa kawaida alikuwa Merca, Somalia, mwaka 1977. Watoto wengi sana wako hai kwa sababu hiyo. Ila mtoto yuleyule aliyechanjwa bure akivunjika mguu miaka kumi baadaye anakuta dirisha.

Maana miaka ya 1980 madeni yalibana, na wakopeshaji wakaja na masharti. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ikatoa waraka ikishauri watumiaji wa huduma walipie, na mwaka huohuo mjini Bamako, Mali, mawaziri wa afya wa Afrika wakakubali zahanati ziuze dawa kwa faida kidogo ili zinunue nyingine. Nisiwaonee, kulikuwa na hoja. Zahanati nyingi za bure kabati lilikuwa tupu, unaandikiwa karatasi ukanunue mtaani, na bure ya namna hiyo unalipia tu mahali pengine. Mpango huo wakauita kuchangia gharama. Neno kuchangia lina utamu wake, watu huchangia harusi, huchangia msiba, unachangia ukiwa nacho na mwenzio ndo mwenye shida. Hili walimchangisha mwenye shida.

Kenya ilikuwa imefuta ada mwaka 1965, ikazirudisha Desemba 1989. Jijini Nairobi kulikuwa na kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa, na watafiti walikuwa wanahesabu wanaoingia kila mwezi. Miezi tisa ya ada, wanaume wakashuka mpaka asilimia 40 ya waliokuwa wakija mwanzo, wanawake asilimia 65. Ugonjwa haukupungua, na huo ndo wakati Ukimwi unapanda, na ilishajulikana kwamba kidonda cha zinaa kisichotibiwa kinaufungulia njia. Serikali ikasitisha ada. Wanawake wakarudi, hata kupita idadi ya zamani. Wanaume wengi hawakurudi.